Mti wa Vipepeo Unaponyauka na Kukataa Kuchanua

Bustani ndogo ya maua iliyo mbele ya kota ya askari si pambo la bure. Ndiyo inayompokea baba arudipo kutoka zamu ya usiku, ndiyo inayowafundisha watoto kwamba kitu kilichopandwa hakina budi kutunzwa, na ndiyo inayomjulisha mgeni, kabla hajabisha hodi, kuwa nyumba ile ina wenyewe. Familia za askari na polisi huhamahama. Leo ziko Jinja, mwakani ziko Gulu, na mwaka unaofuata huenda zikajikuta katika baridi ya Kabale. Kwa sababu hiyo hupendelea mimea inayokua upesi, isiyodai gharama kubwa, na inayoweza kubebwa kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Mmoja wa mimea hiyo ni ule uitwao na wengi mti wa vipepeo. Ni kichaka kinachofikia urefu wa meta 2 hadi 4, chenye majani marefu yaliyochongoka mfano wa ncha ya mkuki, kijani kwa juu na meupe-meupe kwa chini. Maua yake ni madogo mno, lakini hukusanyika kwa mamia katika shuke moja refu linaloinama mwishoni mwa tawi. Aghalabu rangi yake ni ya zambarau, ingawa yapo pia meupe na ya waridi, nayo hutoa harufu tamu kama asali. Jua linapopanda, vipepeo na nyuki hulizunguka shuke hilo bila kuchoka, na watoto wa kambi huacha michezo yao wakatazama.

Hata hivyo, kichaka hiki huwatia watunzaji wake mashakani kwa namna mbili. Kwanza, hunyauka ghafla, majani yakalegea kama nguo iliyoloa, ilhali mwenyewe hajaacha kukimwagilia. Pili, hustawi kwa majani mengi ya kupendeza lakini maua yasionekane, au yakionekana yawe machache na mafupi. Mwenye bustani hushika ndoo, kisha hushika mbolea, kisha hushika dawa ya wadudu, na mwishowe hushika panga. Yafaa ijulikane kwamba karibu kila moja ya hatua hizo, ikichukuliwa bila uchunguzi, huuzidishia mti maradhi badala ya kuuponya.

ASILI YA MTI NA TABIA YAKE

Anayetaka kumfahamu mtu huuliza kwao ni wapi. Mti nao ni vivyo hivyo. Jamii ya miti hii huitwa na wataalamu Buddleja, jina lililowekwa kwa heshima ya Adam Buddle, kasisi na mtaalamu wa mimea wa Uingereza aliyefariki mwaka 1715. Aina inayopandwa zaidi katika bustani, Buddleja davidii, asili yake ni milima ya China. Jina lake la pili linatokana na Armand David, mmisionari Mfaransa aliyeukusanya huko mwaka 1869, na jina hilo likachapishwa na Mfaransa mwenzake Adrien Franchet mwaka 1887. Afrika nayo ina miti ya jamii hiyo. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia humea Buddleja polystachya, yenye maua ya rangi ya manjano iliyoiva kuelekea chungwa, ambayo nyuki huyapenda sana. Kutoka Bukini imekuja aina nyingine ya maua ya manjano, Buddleja madagascariensis, yenye matawi marefu yanayotambaa juu ya ua.

Kwao China, mti huu humea kwenye kingo za mito yenye changarawe na miteremko ya mawe, mahali penye jua kali na udongo usiotuamisha maji. Tabia hiyo ilidhihirika kwa namna ya ajabu nchini Uingereza. Baada ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili kubomoa sehemu kubwa ya London, kichaka hiki kilichipuka chenyewe juu ya vifusi, katika nyufa za kuta na katika chokaa ya nyumba zilizoanguka, kikachanua pale ambapo hapakuwa na mtu wa kukitia maji wala samadi. Hata leo huonekana kando ya reli na juu ya majengo ya zamani ya nchi hiyo.

Basi hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Mti huu ni mfano wa askari aliyezoea shida: chakula kidogo na kazi nyingi havimdhuru, lakini maji yaliyotuama, kivuli na kudekezwa humwangusha. Miti mingi ya vipepeo inayokufa katika bustani za nyumbani haifi kwa kutupwa, bali kwa kupendwa kupita kiasi.

KABLA YA KUSHIKA NDOO

Mtunzaji anapoona majani yamelegea, jambo la kwanza ni kutazama saa. Mti ukilegea saa nane mchana, jua likiwa kali, na ukanyooka tena jioni au alfajiri, hauna maradhi. Majani yake mapana hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na jua likipungua mizani hurudi sawa. Mti wa namna hiyo uachwe kama ulivyo. Lakini ukionekana umelegea hata asubuhi mapema, kabla ya jua kupata nguvu, hapo pana shauri.

Jambo la pili ni kuuliza udongo. Kidole kiingizwe ardhini, au kijiti kikavu kichomekwe hadi kina cha sentimeta 10 hivi, karibu na mti lakini si kwenye shina. Kijiti kikitoka kikavu na safi, mti una kiu. Kikitoka na udongo unaonata kama ugali mbichi, mti umeshiba, na pengine unazama. Jambo hili dogo lisilogharimu hata senti moja hutenganisha magonjwa mawili yanayofanana kwa sura lakini yanayotibiwa kwa njia zinazopingana.

Jambo la tatu ni kutazama kama mti mzima umenyauka au ni tawi moja tu. Mti mzima ukinyauka, kosa huwa chini, kwenye mizizi au udongo. Tawi moja likinyauka na mengine yakiwa mazima, kosa limo ndani ya tawi lile.

MAJI MENGI: ADUI ANAYEJIFANYA RAFIKI

Mizizi hupumua. Udongo ukijaa maji kwa siku nyingi, hewa hutoka, mizizi hukosa pumzi, na vimelea vya kuoza hupata nafasi ya kuishambulia. Mizizi iliyooza haiwezi kufyonza maji, hata kama imelala ndani ya maji hayo. Kwa hiyo majani hulegea kama ya mti wenye kiu, na mwenye bustani, kwa huruma, huongeza ndoo nyingine.

Mathalani, na ichukuliwe nyumba ya sajini mmoja aliyepelekwa kulinda amani Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kwenda mwaka 2007. Kabla ya kuondoka alipanda mti wa vipepeo kando ya mlango, akawaambia watoto wauangalie mpaka atakaporudi. Mkewe akaufanya mti ule kuwa kama amana. Kila asubuhi ndoo moja, kila jioni ndoo moja, hata siku za mvua. Mwezi wa pili majani yakawa manjano, mwezi wa tatu yakalegea yote. Jirani mmoja akashauri dawa ya kuulia wadudu. Mwingine akashauri ung'olewe upandwe mhindi. Siku moja mzee aliyekuwa mtunza bustani wa kambi kwa miaka mingi akapita hapo.

"Shikamoo, mzee," akasema yule mama.

"Marahaba, mwanangu. Naona mti wa bwana wako umeinamisha kichwa."

"Umenishinda, mzee. Sijakosa kuupa maji hata siku moja. Aliniachia watoto na mti huu. Akirudi nitamwambia nini?"

"Niletee beleshi kwanza, mwanangu. Ndoo iache hapo hapo."

Mzee akachimba polepole upande mmoja wa mti. Kina cha kiganja kimoja tu udongo ulikuwa tope. Akavuta mzizi, ganda lake likachomoka mkononi kama soksi iliyoloa, na ndani ukawa wa kahawia wenye harufu ya maji ya mtaro. "Mti huu hauna kiu," akasema. "Unazama. Wewe hukuacha kuupenda, ila hukuambiwa kuwa mapenzi nayo yana kipimo."

Yaliyofanywa siku ile ndiyo yanayopasa kufanywa na kila mwenye mti wa hali hiyo. Maji yakasimamishwa mara moja. Mfereji mdogo ukachimbwa kuyaondoa maji yaliyokuwa yakiteremka kutoka paani. Mti ukang'olewa kwa uangalifu, mizizi iliyooza ikakatwa yote mpaka palipo peupe na pagumu, na matawi yakapunguzwa kwa nusu ili mizizi iliyobaki isilemewe. Kisha tuta likainuliwa kiasi cha sentimeta 30 juu ya usawa wa uwanja, udongo ukichanganywa na changarawe, na mti ukapandwa juu yake. Zaidi ya hayo, kutoka katika ncha zilizokuwa bado nzima, mzee akakata vipandikizi sita, akavitia katika kopo lenye mchanga, akaviweka kivulini.

Mti mkubwa haukupona; mizizi ilikuwa imeharibika mno. Lakini vipandikizi vinne kati ya sita vilitoa mizizi, na kimoja kikapandwa juu ya tuta lile lile baada ya udongo wa zamani kuondolewa na kuletwa mwingine. Mama yule hakuwa na la kuona haya, kwa sababu kipandikizi si mtoto wa mti bali ni mwili wa mti wenyewe: maua yake yatakuwa yale yale, rangi ile ile na harufu ile ile, kama aliyoyapanda bwana wake kabla ya safari.

Ili kuepuka mkasa wa namna hiyo, ardhi ipimwe kabla ya kupanda. Lichimbwe shimo lenye kina cha sentimeta 30 na upana kama huo, lijazwe maji, liachwe yaishe, kisha lijazwe tena. Maji ya mara ya pili yakipungua kwa sentimeta 2 na nusu au zaidi kila saa, mahali hapo panafaa. Yakisimama pale pale, ama pachaguliwe mahali pengine, ama lijengwe tuta.

MAJI MACHACHE, NA MTI ULIOHAMISHWA KARIBUNI

Si kila mti unaonyauka unazama. Mti uliopandwa karibuni bado mizizi yake imekusanyika mahali pamoja, na udongo wa hapo hukauka upesi kuliko ule wa pembeni. Huo katika miezi yake ya kwanza uhitaji maji ya kutosha wakati wa kiangazi. Nusu ndoo ya maji, yaani lita 10 hivi, ikimiminwa polepole mara 2 kwa juma, hufaa kuliko kikombe kimoja kila siku. Maji kidogo ya kila siku hulowesha uso wa ardhi tu, na mizizi hubaki juu ikingoja kikombe chake, mfano wa mtoto aliyelelewa bila kufundishwa kujitafutia. Maji mengi ya mara chache huteremka chini, na mizizi huyafuata huko. Mti ukishamaliza mwaka mmoja na kushika ardhi vizuri, mvua za kawaida huutosha, na maji ya ndoo huhitajika katika kiangazi kirefu tu.

Matandazo ya majani makavu au nyasi, yenye unene wa sentimeta 5 hadi 8, huzuia jua lisiunyonye udongo. Lakini matandazo hayo yasiguse shina. Iachwe nafasi ya kiganja kuzunguka, kwa sababu unyevu uliogandamana na shina huozesha ganda, na majani makavu huwakaribisha mchwa.

Kuhamisha mti wakati wa jua kali ni kuuonea. Afadhali kazi hiyo ifanywe mvua zinapoanza, jioni, na matawi yapunguzwe siku hiyo hiyo. Kusini mwa Uganda, ambako mvua kubwa hunyesha mara 2 kwa mwaka, nyakati nzuri ni Machi na Septemba. Kaskazini, ambako kiangazi huanza kuelekea mwisho wa mwaka na mvua hurudi kama mwezi wa Aprili, ingojewe mvua hiyo.

WADUDU NA MADHARA MENGINE YALIYOFICHIKA

Tawi moja likinyauka peke yake, lichunguzwe kuanzia nchani kuelekea chini. Huenda limevunjwa na mpira wa watoto, au kuna tundu dogo lenye unga wa mbao, dalili kwamba funza ametoboa ndani. Tawi hilo likatwe chini ya sehemu iliyoharibika, mpaka mahali ambapo mti kwa ndani ni mweupe na mzima. Kipande kilichokatwa kichomwe moto. Mkasi ufutwe kwa spiriti au uchovywe katika maji yanayochemka kabla ya kugusa tawi jingine, kama vile daktari asivyotumia sindano moja kwa wagonjwa wawili.

Majani yakipauka, yakajaa vidoto vidogo vyeupe na utando mwembamba upande wa chini, huo ni utitiri, unaopenda sana ukame na vumbi. Karatasi nyeupe ishikwe chini ya tawi na tawi litikiswe. Vidoto vinavyotembea juu ya karatasi ndio ushahidi. Dawa yake ya kwanza ni maji safi, yanayorushwa kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi kwa siku kadhaa. Dawa kali zinazoua kila mdudu aghalabu huongeza utitiri, kwa kuwa huwaua pia wadudu wema wanaoula.

Mti ukidumaa na kulegea mchana hata udongo ukiwa na unyevu wa kadiri, mizizi michache ifukuliwe itazamwe. Ikiwa na vinundu vingi kama shanga, imeshambuliwa na minyoo fundo, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mti mwenye nguvu huvumilia kwa msaada wa mboji, lakini uliodhoofika sana afadhali uondolewe pamoja na mizizi yake, wala mahali hapo pasipandwe mwingine wa aina hiyo, nyanya wala bilinganya, kwa sababu minyoo hao huvishambulia vyote. Vipandikizi vya kuanzia mti mpya vikatwe kutoka matawi ya juu, visiguse udongo ule.

Katika makambi kuna madhara mengine ambayo vitabu vya bustani havitaji sana. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo, yakimwagwa kila siku penye shina moja, hukusanya chumvi katika udongo, na kingo za majani huungua zikawa kahawia. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya watu huimwaga kwenye ua ili kufukuza siafu, huua mizizi na kuuharibu udongo kwa muda mrefu. Maji ya kufulia na yaelekezwe kwenye mtaro, na oili ikusanywe katika debe irudishwe karakana.

MAJANI MENGI, MAUA HABA

Sasa kuna ule mti usionyauka, wenye afya ya kupendeza, lakini usiochanua. Sababu zake kuu ni nne.

Ya kwanza ni kivuli. Mti wa vipepeo unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa 6 kila siku. Uliopandwa chini ya mwembe au nyuma ya ukuta hurefuka ukilitafuta jua, ukawa na matawi membamba na maua ya kuhesabika. Hapo mbolea haisaidii. Dawa ni kuuhamisha, au kukata matawi ya mti unaoufunika.

Ya pili ni chakula kingi. Samadi mbichi ya kuku, na mbolea za dukani zenye naitrojeni nyingi, huuambia mti utoe majani. Mti ulioshiba hivyo hauoni haja ya kuchanua. Sepetu moja ya mboji iliyooza vizuri, mara moja kwa mwaka mvua zinapoanza, yatosha. Pale ambapo udongo ni mwekundu na mchachu, konzi moja au mbili za majivu ya kuni zaweza kutawanywa kuzunguka mti, kwani mti huu hupenda udongo wenye chokaa kidogo. Lakini majivu yakizidi nayo hugeuka sumu.

Ya tatu, na ndiyo inayosahauliwa na wengi, ni kutopogoa. Buddleja davidii huchanua kwenye matawi mapya, yaliyochipuka katika msimu ule ule. Mti usiopogolewa hupanda juu, chini ukabaki miti mikavu, na maua machache hujificha juu kabisa yasikoonekana. Katika nchi za baridi watu huupogoa majira ya baridi yanapoisha. Uganda haina majira hayo, kwa hiyo mtunzaji na ashike kalenda ya mvua: majuma 2 hivi kabla ya mvua kutarajiwa, akate matawi yote mpaka kimo cha sentimeta 30 hadi 60 kutoka ardhini, kila tawi juu kidogo ya jozi ya macho. Kazi hiyo huogofya kwa kuitazama, na mara nyingi majirani hudhani mti umeuawa. Lakini mvua zikija, machipukizi hutoka kwa nguvu, na baada ya miezi 3 au 4 mashuke huonekana, marefu kuliko ya zamani. Mti uliokwisha kudhoofishwa na maradhi usipogolewe kwa ukali huo mpaka upate nguvu.

Hata hivyo, aina yenye maua ya manjano iliyotoka Bukini ina desturi tofauti: huchanua kwenye matawi ya msimu uliopita. Anayeipogoa kabla ya maua huyakata maua yenyewe. Hiyo ipogolewe mara tu inapomaliza kuchanua. Asiyejua mti wake ni wa aina gani na asubiri msimu mmoja, atazame maua yanatoka kwenye tawi jipya au la zamani, ndipo ashike mkasi.

Ya nne ni kuacha mashuke yaliyokauka juu ya mti. Shuke likishakuwa la kahawia, mti huelekeza nguvu zake katika kutengeneza mbegu. Likikatwa mpaka kwenye jozi ya majani iliyo chini yake, machipukizi mawili hutoka pale na kuleta maua mengine. Kazi hii yaweza kupewa watoto kila Jumamosi. Nayo ina faida ya pili iliyo kubwa zaidi. Mbegu za mti huu ni nyepesi mno, nazo huchukuliwa na upepo kwa maelfu. Uingereza na New Zealand mti huu umevamia maeneo yasiyo yake, na katika jimbo la Oregon nchini Marekani umeorodheshwa kuwa gugu. Familia inayokaa karibu na msitu au kingo za mto ina wajibu wa kukata kila shuke kabla mbegu hazijakomaa.

Lipo pia jambo lisilo na dawa. Mti huu ni wa milimani. Katika baridi ya Kabale au Fort Portal hujisikia kwao. Katika mahali pa chini penye joto kali hulegea mchana na maua yake hupauka upesi. Anayeishi huko na aupande palipo na jua la asubuhi na nafuu ya alasiri, wala asijilaumu kwa kisichotokana na mkono wake.

VIPEPEO NA DAWA ZA SUMU

Ni jambo la kusikitisha kumwona mtu akipanda mti kwa ajili ya vipepeo, kisha akaunyunyizia sumu inayowaua. Dawa ya wadudu haichagui. Huua kipepeo na nyuki anayetua kwenye ua, nayo hubaki kwenye majani ambayo watoto huyagusa kabla ya kunawa. Karibu maradhi yote yaliyotajwa hapo juu hutibiwa kwa beleshi, mkasi na maji safi.

Tena, mti huu huwalisha vipepeo wakubwa kwa asali yake, lakini kipepeo anahitaji pia mahali pa kutaga mayai. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ajulikanaye kitaalamu kama Papilio demodocus, hutaga kwenye majani ya michungwa na milimau. Viwavi wake hula majani machache, na mti wenye afya huyarudisha. Nyumba yenye mlimau mmoja na mti wa vipepeo mmoja imemkamilishia kipepeo huyo maisha yake, na watoto watajifunza kuwa kiwavi wanayetaka kumkanyaga ndiye uzuri wa majuma yajayo.

BARUA YA UHAMISHO INAPOFIKA

Barua ya uhamisho haingoji mti uchanue. Kwa hiyo mwenye busara huwa na vipandikizi kabla ya kuvihitaji. Tawi changa lisilo na ua, ambalo limeanza kukakamaa, likatwe vipande vya sentimeta 10 hadi 15, kila kimoja chini kidogo ya jozi ya majani. Majani ya chini yaondolewe, yabaki mawili au manne ya juu. Vichomekwe nusu katika kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga uliochanganywa na mboji, vikae kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Baada ya majuma 3 au 4, kipandikizi kinachokataa kung'oka kikivutwa kidogo kimeshika mizizi.

Kopo moja la namna hiyo hukaa vizuri miguuni mwa mama ndani ya lori la kuhamia. Na mti mkubwa unaobaki nyuma usikatwe kwa wivu, bali upogolewe, usafishwe, na familia inayoingia iachiwe maelezo: umepandwa lini, unachanua rangi gani, na kwamba hauhitaji ndoo kila siku. Wanaoingia huwa wametoka safari ndefu, na baba wa nyumba huenda ameitwa kazini siku hiyo hiyo. Kukuta mlangoni mti ulio hai na maelezo ya kuutunza ni kukaribishwa na watu ambao hawatawaona kamwe.